Mkono Niliouinua

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umefunguliwa, na mvua nayo imefungua siku hiyohiyo. Wanafunzi wameingia getini viatu mkononi, mabegi yamevishwa mifuko ya plastiki. Bati la darasa langu linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya kitanda cha mdoli wa mazoezi. Tumemhamisha mdoli, ndoo imelazwa mahali pake. Nikawaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba mgonjwa amepata nafuu, ameruhusiwa. Walicheka kidogo kidogo, kama watu wasiojua bado kama hapa inaruhusiwa kucheka.

Baada ya chai Mkuu wa chuo akaniita. Nimewekwa kwenye Kamati ya Nidhamu, nafasi ya mwalimu wa lishe aliyestaafu. "Tunahitaji mwanamke mwenye msimamo," akasema. Mlezi wa wanafunzi yumo kwenye kamati hiyo na ni mwanamke, kwa hiyo sijui alikuwa ananisifia mimi au anamsengenya mwenzangu.

Nimekubali, tena kwa moyo mmoja. Nimefundisha ukunga hapa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, na miaka yote hiyo kuna jina nalisikia likinong'onwa kwenye foleni ya chakula na nyuma ya mapazia ya wodi. Mjomba. Ni msimamizi wa mazoezi. Yeye ndiye anayempangia kila mwanafunzi wodi na zamu, na bila sahihi yake hakuna anayemaliza chuo. Wamempa jina hilo kwa ucheshi wake, hana mtu asiyemtania. Wasichana wanapomsema, nikikaribia wananyamaza na kuanza kuulizana kuhusu soksi.

Jioni nimemweleza mume wangu. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya jokofu la mteja. "Kamati?" sauti ikatokea humo ndani. "Basi utazomewa na pande zote mbili, kama refa."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Ndoo imejaa kabla ya mapumziko. Nimefundisha kwa kupiga kelele, koo limekauka.

Jumanne, 12 Machi

Kesi yetu ya kwanza, na siyo niliyoitarajia.

Hadubini, mwalimu wa maabara, amejishtaki mwenyewe. Huyu ni kijana wa miwani minene, hajaoa, hana makundi, mtu wa kukuombea radhi hata wewe ndiye uliyemkanyaga. Ameingia ofisini kwa Mkuu akasema ana uhusiano na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, wanataka kuoana, na anaomba mwalimu mwingine asahihishe kazi zake zote na azipitie upya hata zile za nyuma.

Mwanafunzi mwenyewe ni Dada Mkubwa. Wenzake wanamwita hivyo kwa sababu alikuja chuoni akiwa mtu mzima tayari. Alishafanya kazi ya msaidizi kwenye zahanati, akawasomesha wadogo zake, ndipo akajikumbuka. Anakaribia miaka thelathini. Ukimwangalia akipokea mtoto mchanga, unaona mikono isiyohitaji kuambiwa.

Leo nimeisoma sheria yetu neno kwa neno: mwalimu atakayebainika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi, bila kujali umri wa mwanafunzi, atachukuliwa hatua, ikiwa ni pamoja na kuachishwa kazi. Nimekaa sana kwenye hayo maneno "ikiwa ni pamoja na". Humo ndani mna nafasi ya kupitisha gari.

Jumatano, 13 Machi

Kikao. Tuko wanne: Mkuu, Mlezi, Mwakilishi wa walimu, na mimi.

Nilisema ninavyoamini. Kosa lipo. Mtu aliyeshika alama za mwenzake hana haki ya kumtongoza, hata huyo mwenzake awe bibi kizee. Lakini makosa hayalingani. Huyu hakumtisha mtu, hakumpendelea, amekuja mwenyewe. Nikapendekeza aondolewe darasani hadi binti amalize, apewe barua kali ya onyo, asipandishwe cheo kwa muda, na kazi zote za binti zisahihishwe na mtu wa nje.

Mwakilishi, ambaye kazi yake ni kuwatetea walimu, akakohoa. "Tutachekwa. Mtu kakiri kwa mdomo wake, sisi tunampa barua?"

"Kwa hiyo asingekiri ndiyo angepona?" nikauliza.

Mlezi alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu.

Mkuu akaahirisha hadi wiki ijayo. Tulipotoka akanivuta kwenye veranda, mvua ikiturushia matone miguuni. "Najua kilichokuleta kwenye kamati hii," akasema. "Unamtaka Mjomba. Hata mimi nimesikia. Lakini nikimwachia Hadubini kwa barua, siku ukimleta Mjomba ataomba barua hiyohiyo. Nisaidie kwa huyu. Tukishamwachisha mmoja, nitakuwa na panga mkononi. Wewe niletee tu yule."

Nimerudi nyumbani kichwa kizito. Mume wangu akaniuliza kama nimeshazomewa. Nikasema bado.

Jumanne, 19 Machi

Hadubini aliletwa, akaulizwa kama ana la kuongeza. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema, "Najua nilikosea kuanza kabla hajamaliza. Naomba tu asiadhibiwe yeye." Akatoka.

Mkuu akasema wanaokubali aachishwe kazi wainue mikono. Mwakilishi akainua. Mlezi akaangalia kwanza nani kainua, naye akainua. Mkuu akanitazama.

Nikainua.

Nilikuwa namwona Mjomba pale mezani, siyo Hadubini. Nilijiambia huyu ni kijana, hana watoto, atapata pengine. Nilijiambia na mengine ambayo sitayaandika, maana nikiyaona kwenye karatasi nitayaonea aibu.

Ijumaa, 22 Machi

Dada Mkubwa alinisubiri mlangoni pa ofisi. Sare imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa. Hakulia. Afadhali angelia.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Nitasimama tu. Nataka kuelewa. Nimemzika baba yangu, nimelea wadogo zangu wanne mpaka wakajitegemea. Wodini mnaniachia uhai wa watu wawili kwa wakati mmoja, mnasema naweza. Nikisema nampenda mtu, mnasema sijui ninachosema?"

"Hatukukuhukumu wewe. Tumemhukumu yeye. Yeye ndiye aliyeshika kalamu."

"Kalamu aliiweka chini mwenyewe kabla hamjamwambia."

"Aliiweka chini akiwa amechelewa."

Akafikiri. Hilo alilikubali, niliona. "Sawa. Alichelewa. Basi mngemtoa darasani kwangu. Nyie mmemtoa kwenye kazi yote. Barua mliyomwandikia, chuo gani kitaisoma kimpokee?"

Nikamwambia kuna mambo ya kamati ambayo siwezi kuyasema. Sijawahi kujisikia mdogo vile. Akaniamkia tena wakati wa kuondoka, kama vile mtu anavyofunga mlango polepole ili usisikike.

Jumatatu, 25 Machi

Hadubini amebeba vitu vyake. Wanafunzi walijipanga dirishani. Mjomba alimsaidia kubeba sanduku la vitabu mpaka getini, akampiga piga mgongoni, akamwambia, "Maisha haya, mdogo wangu." Nilikuwa karibu, nilisikia.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua haijakata. Njia ya kuja chuoni imekuwa uji. Nimeteleza mbele ya mwaka wa pili wote. Chiriku, msichana waliyempa jina hilo kwa kuongea kwake, ndiye aliyekimbia kuniinua, akanisindikiza hadi ofisini huku ananifuta matope na kuongea bila kituo: jinsi bibi yake alivyoteleza kanisani, jinsi mganga mkuu alivyoteleza mbele ya waziri, jinsi yeye mwenyewe alivyoteleza na sinia la sindano. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mtoto huyu akiwa wodini wagonjwa wanasahau dawa chungu. Hata wale wa kuzaa, akiwashika mkono, anawasimulia mpaka wanamwambia hebu nyamaza kwanza nisukume.

Alhamisi, 11 Aprili

Hakuna la maana. Nimesahihisha. Mume wangu ana mafua.

Jumatano, 17 Aprili

Leo Chiriku amekuja akafunga mlango. Akakaa. Hakusema kitu kwa muda mrefu, na hapo tu nikajua kuna msiba.

Ni Mjomba. Imeanza muhula uliopita. Alimwambia daftari lake la mazoezi lina mapengo, aje wayajaze pamoja kwenye kile chumba cha shuka nyuma ya wodi ya wazazi. Alimtania, akamchekesha, akamwambia msichana mchangamfu kama yeye hapaswi kukwama. Halafu akamwambia wako wengi waliokwama. Alimtajia na majina yao, mmoja mmoja.

"Nilienda, Madamu," akasema. "Si mara moja. Hakunishika kwa nguvu. Sikupiga kelele. Mimi nina miaka ishirini na mbili. Wakiniuliza kama nilikataa, nitasema nini?"

"Ulitaka?"

Akanitazama kama nimemuuliza swali la lugha ngeni. "Nilitaka kumaliza chuo."

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Kwamba mtu aliyeshika cheti chako hakuombi, hata akitumia maneno ya kuomba. Kwamba wewe kuwa mtu mzima hakumfanyi yeye asiwe mwalimu. Kwamba nataka aje ayaseme hayohayo mbele ya kamati. Akatikisa kichwa. Nikamwambia kuhusu Hadubini. "Yule alikuwa anampenda mtu, na alifukuzwa. Huyu unadhani watamfanyaje?"

Hapo akainua macho. Niliona anaanza kuamini.

"Na mimi? Ataniwekea sahihi nani?"

"Hakuna kitakachokupata. Niko hapa."

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimempelekea Mkuu habari. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akasema haya ni mazito, tuyashughulikie kwa utaratibu. Nikamkumbusha panga. Akatabasamu.

Jumapili, 21 Aprili

Nimetoka kuanua nguo, nikamkuta Mjomba uani kwangu. Kaleta jokofu lake likiwa kwenye mkokoteni, limefunikwa turubai. Yeye na mume wangu wanacheka kama waliosoma pamoja.

"Shemeji!" akaniita. Hajawahi kuniita shemeji. "Mzee kanipokea vizuri, nimekuja na mgonjwa wangu. Hagandishi."

Tukakaa. Ukimtazama ni mtu wa kupendeza kabisa, hilo ni lazima niliandike. Alimuuliza mume wangu kuhusu mafua yake, akamwelekeza dawa. Alikumbuka jina la shule aliyosoma kitindamimba wetu. Mume wangu alipoingia ndani kutafuta bisibisi, akaniinamia, sauti ileile ya utani.

"Watoto wa siku hizi wana maneno, shemeji. Wewe ni mama, unawajua. Mtu akiona mazoezi yamemshinda, anatafuta mlango wa nyuma. Mimi simkasirikii. Namwonea huruma tu, maana ana safari ndefu."

Mikono yangu ilikuwa imejaa mashuka mabichi.

Alipoondoka mume wangu akasema, "Mtu mwema sana huyu." Nikamweleza. Akaigeuza geuza bisibisi mkononi. Mwishowe akasema atalirudisha jokofu bila kuligusa. Na kweli, jioni hiyohiyo alilirudisha. Katika muhula wote huu, hicho ndicho kitu pekee nilichoona mtu akikifanya bila kupiga hesabu.

Jumatano, 24 Aprili

Kikao kimeahirishwa. Mkuu ana safari.

Ijumaa, 3 Mei

Kimeahirishwa tena. Mlezi anaumwa. Nimemwona sokoni akichagua nyanya.

Jumatatu, 6 Mei

Chuo kizima kinajua. Sijui nani kasema. Chiriku anakula peke yake. Nimeketi naye leo mezani, wote wakatutazama. Akaniambia wenzake wanamlaumu kwa Mjomba kuacha kuwasaidia kupanga zamu nzuri. Mmoja amemuuliza kwa nini asivumilie kama wengine.

"Kama wengine wangapi?" nikauliza.

"Hawataki kusema, Madamu. Niliwaomba tuje pamoja. Wengi ni wa mwaka wa tatu, wamebakiza muhula mmoja."

Nimewatafuta mimi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliniangalia usoni akasema Mjomba ni kama baba kwake. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Jumanne, 14 Mei

Kikao kimefanyika. Nitaandika yote.

Mvua ilianza pale tu Chiriku alipoketi. Siyo ya manyunyu, ile ya kokoto, na chumba cha mikutano hakina dari, ni bati tupu. Alikuwa amefunga mikono mapajani. Alianza kusema kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Hatukusikii," akasema Mwakilishi, amekinga sikio.

Akarudia.

"Binti, ongeza sauti. Ulisema chumba gani?"

"Cha shuka!"

"Na huko mkafanya nini?"

Akanitazama. Nikasema haya yako kwenye maelezo niliyowasilisha, hakuna haja. Mwakilishi akasema mtuhumiwa ana haki ya kuyasikia kutoka kwa mlalamikaji. Mjomba alikuwa amekaa kona ya pili, miguu imenyooka, uso wa mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. Ikabidi Chiriku ayaseme kwa kupiga kelele. Mambo ambayo aliyasema ofisini kwangu kwa kunong'ona, leo aliyapaza juu ya mvua, neno moja moja, mbele ya mwanaume aliyemfanyia. Nje kwenye veranda kulikuwa na wanafunzi waliojikinga mvua. Nadhani walisikia kila kitu.

"Ulikataa?" akauliza Mwakilishi.

"Ningekataaje?"

"Nimeuliza kama ulikataa."

"Hapana."

"Una ujumbe wowote alioutuma kwenye simu? Sauti? Shahidi?"

"Hapana. Haandikagi."

Mlezi akauliza swali moja tu, na alimuuliza huku anatazama meza. "Mwanangu, alama zako za mazoezi zikoje?"

"Zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa?"

"Nilipoacha kwenda, zikashuka."

Mwakilishi akaandika kitu. Niliona alichoandika kwa jinsi alivyoegemea nyuma: msichana aliyefeli, ana kinyongo.

Mjomba alipopewa nafasi alisema maneno machache. Anamwombea binti. Hajui kamkosea nini. Kama utani wake umeeleweka vibaya, anaomba radhi kwa utani. Ana binti wa umri huo.

Walipotoka nikasimama. Nikasema miezi miwili nyuma, katika chumba hikihiki, tumemtoa mtu kazini kwa kosa dogo kuliko hili, na tulisema hatuangalii kupenda wala kukubali, tunaangalia nani kashika kalamu. Sheria ni ileile. Kama ile ilikuwa haki, hii ni haki mara kumi.

"Yule alikiri," akasema Mkuu.

"Kwa hiyo tunaadhibu kukiri?"

"Sheria inasema atakayebainika. Hapa hakijabainika kitu. Kuna neno la binti na neno la Mjomba."

"Uliniambia nikuletee."

"Nilisema uniletee. Umeniletea maneno."

Walipiga kura. Mjomba "ameshauriwe kuwa mwangalifu katika utani". Ndivyo walivyoandika kwa haraka yao, hata sarufi wameikosea. Nilikuwa peke yangu niliyepinga. Mlezi aliuweka mkono wake mezani, haukwenda juu wala haukwenda chini, na Mkuu akauhesabu upande wake.

Chiriku alikuwa bado verandani, peke yake, wenzake wamejitenga upande wa pili. Nilimwambia. Akasema, "Asante, Madamu." Sijui alinishukuru nini.

Jumatano, 15 Mei

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa, na si uongo.

Jumanne, 21 Mei

Nimekutana na Hadubini. Mvua ilinisukumia kwenye baraza la duka la vipuri, na yeye alikuwa amejikinga palepale, mfuko wa karatasi kifuani. Alinisalimia kwanza yeye. Amekonda. Vyuo viwili vimemwita, vimesoma barua yetu, vimemshukuru kwa kuja. Sasa anamsaidia kaka yake kuuza vipuri.

"Na Dada Mkubwa?" nikauliza.

"Tumeachana. Ananiona, anaona alivyoniponza. Namwambia si yeye, lakini siwezi kumwambia kila asubuhi maisha yote."

Nikasema, "Niliinua mkono."

"Najua. Mlezi aliniambia wote mliinua." Hakuwa na hasira, nilimtafutia hasira usoni nikaikosa. "Adhabu nilistahili, sikatai. Ila nilidhani kuna ngazi. Nilidhani mtu anashushwa ngazi kwa kadiri alivyokosea. Sikujua ni shimo moja tu, ama umo ama humo."

Kisha akauliza, "Yule mwingine vipi? Nasikia alifikishwa kwenu."

"Yupo."

Akavua miwani, akaifuta matone, akacheka kidogo. Si cheko la ubaya. Nilitaka kumwambia kwamba nilimuuza yeye ili nimnunue yule, na kwamba biashara ilinishinda. Mvua ikapungua, akaaga, akavuka barabara akiruka madimbwi.

Jumatatu, 27 Mei

Matokeo ya mazoezi yamebandikwa. Chiriku: hajafuzu. Sahihi ya Mjomba, nzuri, ya duara.

Nimekwenda kwa Mkuu. Nikaomba mtihani wake wa mazoezi usimamiwe na mtu wa nje. Akauliza kwa msingi upi, wakati kamati imemsafisha msimamizi. Nikasema mimi nimefanya kazi na binti huyu, mikono yake naijua, wodi nzima inaijua. Akasema basi arudie mwaka, mlango uko wazi. Arudie chini ya nani? Akaangalia saa yake.

Nikasema najiuzulu kwenye kamati. "Kama unaona ni vyema," akasema, na nikaona nimempunguzia kazi.

Jumanne, 4 Juni

Baba yake Chiriku amekuja kumchukua. Mtu mrefu, mpole, viatu vimeoshwa nje kwenye bomba kabla ya kuingia ofisini kwangu. Binti alibaki nje na sanduku lake.

"Nasikia wewe ndiye mwalimu aliyekuwa karibu naye," akasema. "Naomba unieleze, maana yeye haongei. Nyumbani tulikuwa tunamwomba apumzike kuongea. Amefeli nini?"

"Mazoezi."

"Alikuwa mvivu?"

"Hapana, baba. Hata siku moja."

Akasubiri. Alisubiri kwa adabu, kofia magotini, nami nikatafuta neno la kwanza. Chiriku alikuwa amenikataza. Aliniambia jana, akijua baba yake atashika panga na kuishia kufungwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo nikamwambia mwanao ana mikono mizuri, asiache kazi hii, atafute chuo kingine. Akainamisha kichwa.

"Kingine," akasema. "Hiki tuliuza shamba."

Nimewasindikiza getini. Chiriku alinipa mkono, akautoa haraka. Niliwatazama mpaka kona. Mzee alibeba sanduku kichwani, binti anamfuata nyuma kwenye tope, na hakuna aliyekuwa akimsimulia mwenzake kitu.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya mwisho ya muhula. Mvua imekatika, jua limetoka kali, tope limekauka likawa na mipasuko. Walimu walikunywa soda ukumbini. Mjomba alisimulia kisa, hata Mlezi akacheka. Nilikaa nao. Nilishika chupa yangu. Ningekaa wapi?

Nilipokuwa nafunga ofisi akaja msichana wa mwaka wa kwanza. Simfahamu vizuri, ni yule anayekaa karibu na dirisha, mwandiko mdogo. Aliingia akarudishia mlango.

"Samahani, Madamu. Nimepangiwa wodi ya wazazi muhula ujao. Mjomba ameniambia nije mapema kabla ya wenzangu, anielekeze. Amesema nisimwambie mtu. Wenzangu wamesema wewe ndiye wa kuongea naye."

Alikuwa ameshika mkanda wa begi kwa mikono miwili. Nilimwambia akae. Nikamwambia anywe maji, akanywa.

Nilikuwa na maneno yote. Kwamba haombi hata akiomba. Kwamba sheria ni moja kwa wote. Kwamba niko hapa. Yalikuja yamejipanga, na kila moja nikaliona linatembea kuelekea getini na sanduku.

Nikamwambia asije mapema. Nikamwambia aje siku wanayokuja wenzake wote, asiingie chumba cha shuka peke yake, asimkasirishe, acheke akitaniwa. Nikamwambia akiulizwa na mtu, hakuniona. Na nikamwambia asiliseme hili popote, amalize chuo kwanza.

Alinisikiliza kwa makini, kama anaandika kichwani. Kisha akasimama, akanipigia goti, akanishukuru.